Niels Henrik Abel

Niels Henrik Abel (5 Agosti 1802 – 6 Aprili 1829) alikuwa mwanahisabati wa Norwei. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu milinganyo ya polinomia.

Maisha

Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alifariki mwaka 1820 akaiacha familia katika umaskini. Mwalimu wake wa hisabati, Bernt Michael Holmboe, alikuwa ametambua kipaji chake akamsaidia kuendelea na masomo.

Kazi

Katika aljebra, monomia ni kipande kimoja tu, kama 3x². Monomia zikijumlishwa hufanya polinomia, kama x⁵ + 3x² + 7. Kipeo kikubwa kuliko vyote, hapa 5, huitwa daraja la polinomia hiyo.

Kanuni za kutatua milinganyo ya daraja la 3 na la 4 zilipatikana katika karne ya 16. Kanuni ya daraja la 5 ilitafutwa kwa zaidi ya miaka 250 bila mafanikio. Mwaka 1824 Abel alithibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla ya daraja hilo inayotumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo pekee. Alichapisha uthibitisho huo kwa pesa zake mwenyewe. Ili kupunguza gharama aliufupisha uwe kurasa 6, hivyo ukawa mgumu kueleweka. Mwaka 1826 maelezo marefu zaidi yalitolewa katika jarida la August Leopold Crelle mjini Berlin.

Kifo

Abel alifariki kwa kifua kikuu huko Froland akiwa na umri wa miaka 26. Siku mbili baadaye Crelle, asiyejua habari hiyo, alimwandikia barua kwamba amepatiwa kazi Berlin.

Tangu mwaka 2003 Tuzo ya Abel hutolewa kwa wanahisabati nchini Norwei.