PADRE GREGOR MENDEL, MTAWA ALIYEHESABU NJEGERE



Safari hii nawaletea maisha ya mtawa mmoja ambaye hakuwahi kufika Afrika, lakini kazi yake yatufaa sana katika nyumba zetu, hasa sisi tunaokaa visiwa vidogo kama Makoongwe, ambako watu wengi ni jamaa.

Johann Mendel alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo chini ya milki ya Austria, leo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima, na kwake kijana alijifunza kutunza miti ya matunda. Baba alipoumizwa na gogo, fedha za shule zikakosekana. Dada yake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asome. Wema huo Johann hakuusahau: baadaye aliwasaidia watoto wa Theresia kupata elimu.

Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thomas, mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapewa daraja ya upadre. Lakini kazi ya kuwazuru wagonjwa ilimshinda. Alipoyaona mateso yao, yeye mwenyewe aliugua. Mkuu wake, Abati Napp, akaona heri ampeleke kufundisha shule. Mwaka 1850 akafanya mtihani wa ualimu, akaanguka. Akapelekwa kusoma Chuo Kikuu cha Vienna, na mwaka 1856 akajaribu tena, asifaulu. Hata hivyo alifundisha Brno miaka 14, bila cheti kamili. Walimu wenzangu wasomao haya na wakumbuke kwamba mtihani haupimi kila kitu.

Tangu 1856 hadi 1863, katika bustani ya monasteri, alipanda mimea ya njegere ipatayo 28,000. Alifungua maua machanga kwa mkono, akaondoa chavua yake, akapaka chavua ya mmea mwingine. Alichanganya njegere za mviringo na zile zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza zote zikatoka mviringo, kana kwamba mikunjo imekufa. Akazipanda hizo, akahesabu mavuno: mviringo 5,474, zenye mikunjo 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Kumbe mikunjo haikufa, ilikuwa imejificha.

Hakuishia hapo. Alipanda zile za mviringo 565 za kizazi hicho. Mimea 193 ilizaa mviringo tupu, na 372 ikazaa za namna zote mbili. Basi katika kila njegere tatu nzima kwa kutazama, mbili hivi zilibeba mikunjo kwa siri.

Mwaka 1865 alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 yakachapishwa. Karibu hakuna aliyeyafahamu. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abati, na kazi za utawala pamoja na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri zikamla muda wake. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, siku ya Epifania. Miaka 16 baadaye, mwaka 1900, wataalamu watatu wa nchi mbalimbali walifikia matokeo kama yake, wakakuta mtawa amewatangulia.

Mwaka 1902 daktari Archibald Garrod wa London alionyesha kwamba hata wanadamu wana maradhi yanayorithiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1949 James Neel wa Marekani, na Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walieleza kwamba ugonjwa wa seli mundu ni mmojawapo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha kwamba mtu aliyebeba urithi wa seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huo umeenea pwani na visiwani kwetu. Ualbino nao hurithiwa kwa njia ile ile ya kujificha.

Mfano wake ni huu. Baba ana kunde mbili mfukoni, nyeupe na nyekundu. Mama naye vivyo hivyo. Kila mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama bila kuchagua. Mtoto mmoja kati ya wanne hutazamiwa kupata nyekundu mbili, naye ndiye atakayeugua. Wawili hutazamiwa kuwa wazima walio wachukuzi kama wazazi wao, na mmoja kuwa mzima kabisa. Akiwa mchukuzi ni mzazi mmoja tu, na mwenziwe hana nyekundu, hakuna mtoto atakayeugua, ila yaweza nusu yao kuwa wachukuzi.

Lakini tusihesabu vibaya. Kila mimba kunde huchukuliwa upya. Aliyezaa mtoto mgonjwa asidhani watatu wanaofuata wamesalimika. Na mwenye watoto watatu wazima asidhani wa nne lazima augue. Tena ndugu mzima wa mgonjwa, kama zile njegere 565, ana nafasi mbili katika tatu za kuwa mchukuzi. Mtoto wa ami akimwoa mtoto wa ami, yaelekea zaidi kwamba wote wawili wamebeba kunde nyekundu moja iliyotoka kwa babu yao.

Haya nayaandika kwa sababu nyumba zimevunjika. Mke huambiwa ameleta balaa, jirani husingiziwa uchawi, na huko Bara, katika miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa kwa ushirikina. Lakini hesabu ya Mendel yasema wazi kwamba mtoto wa namna hii amepokea sawasawa kwa baba na kwa mama, na wote wawili hawakujua. Wanafunzi walipomwona yule aliyezaliwa kipofu walitafuta wa kulaumiwa, naye Bwana hakukubali.

Basi vijana wanaotaka kufunga ndoa waende hospitali wapimwe damu wajue kama wana urithi wa seli mundu, hasa kama katika ukoo yupo aliyeugua. Na aliye na mtoto mgonjwa amwahishe kwa daktari apatapo homa au maumivu, na baba aende pamoja na mama.