Mama wa noti ya kwacha 200

DZALEKA, Malawi – Watoto wanaowasaidia wazazi wao kuuza katika soko la Dzaleka huitambua noti ya kwacha 200 kabla hawajajua kusoma. Mfanyabiashara aliyevuka Songwe na mzigo wake naye anaijua. Mama aliyechorwa humo ndiye mgeni kwa wengi. Mwanao akikuuliza ni nani, msomee haya.

Anaitwa Rose Chibambo. Alizaliwa mwaka 1928 huko Kafukule, wilaya ya Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Nchi iliitwa Nyasaland na Waingereza ndio waliotawala. Kura ni njia ya watu kumchagua anayewaongoza, na utotoni mwa Rose Waafrika wa Nyasaland hawakuwa nayo, wanaume wala wanawake. Mwaka 1953 Waingereza wakaiunganisha nchi hiyo na Rhodesia ya Kaskazini na ya Kusini, ingawa wenyeji walikataa.

Rose aliona kwamba wanaume wanakutana kuupinga muungano huo huku mama zao na wake zao wakiachwa nyumbani. Akaanza kuwakusanya wanawake. Mwaka 1958 alikuwa kiongozi wa umoja wa wanawake wa chama cha Congress.

Machi 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi. Rose alikuwa ametoka tu kujifungua. Akaingia gereza la Zomba na kichanga chake.

Uchaguzi wa 1961 ulikuwa na masharti ya elimu na kipato, hivyo wengi walibaki nje. Kufikia uhuru, Julai 6, 1964, kila mtu mzima alikuwa na haki ya kura, mwanamke kwa mwanamume. Rose alikuwa bungeni na serikalini, mwanamke pekee katika serikali hiyo.

Sehemu inayofuata ni ngumu kumweleza mtoto. Miezi miwili tu baada ya uhuru, Waziri Mkuu Kamuzu Banda alikosana na mawaziri wake. Walilalamikia mengi, ikiwemo ada aliyowatoza wagonjwa hospitalini. Rose alisimama upande wao, akafukuzwa, akakimbilia Zambia. Alikaa uhamishoni miaka 30. Yeye pia alikuwa mkimbizi.

Nyumbani, haki ile ya kura ikawa haina kazi: chama kimoja, na Banda rais wa maisha. Waliompinga walifungwa, baadhi yao hapa hapa Dzaleka, maana hapa palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, ambayo leo ina watu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wao hawapigi kura Malawi. Mwaka huohuo Wamalawi walipiga kura ya vyama vingi, Banda akashindwa, Rose akarudi.

Alifungua biashara ya kuoka mikate Mzuzu. Nadhani wasomaji wetu watalielewa hilo haraka kuliko ubunge.

Mwaka 2012 Benki Kuu, yenye makao yake Lilongwe, ilitoa noti yenye sura yake, akaiona akiwa hai. Alifariki Januari 2016. Noti ya kwacha 1,000 iliyotolewa mwaka huohuo wa 2012 ina sura ya Banda, na ukienda sokoni utampa muuzaji huyo, naye atakurudishia Rose kama chenji.