SIR RONALD FISHER, MTU ALIYEPIMA BAHATI

Ronald Fisher alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1890. Macho yake yalikuwa mabovu hata akakatazwa kusoma kwa taa ya umeme. Ndipo akazoea kufanya hesabu kichwani. Alifundisha shule miaka michache, na mwaka 1919 akaingia kituo cha kilimo cha Rothamsted.

Katika kitabu chake cha mwaka 1935 aliyapima upya mahindi ya Charles Darwin. Yalikuwa jozi 15: mche mmoja wa mbegu iliyochanganywa, mwenziwe wa mmea uliojichavusha wenyewe. Ile ya kwanza, kwa jumla, ilikuwa mirefu zaidi. Je, ni mbegu, au bahati tu? Fisher aliwaza kwamba kama mbegu ni sawa, basi katika kila jozi miche ingaliweza kubadilishana vimo. Njia zote za kubadilishana ni 32,768. Katika hizo, 1,726 tu zilitoa tofauti kubwa kama ile au kuipita, kiasi cha 5 katika 100.

Alifariki Adelaide, Australia, mwaka 1962. Leo kompyuta hufanya mabadilishano kama hayo mara maelfu, ili kujua ni jeni zipi zinazohusika kweli na ugonjwa. Nasi hapa Maneromango, tupimapo mahindi yetu, tusiisifu mbolea kabla ya kuiuliza bahati.