Karl Twitchell: Mhandisi aliyemwambia Mfalme ukweli

Wasomaji wetu waliowahi kufika Jeddah kwa ajili ya Hija wanajua thamani ya maji katika mji ule. Leo tunamkumbuka mtu aliyepelekwa huko kuyatafuta, mhandisi wa migodi wa Kimarekani Karl Twitchell, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki dunia mwaka 1968.

Mwaka 1931 mahujaji walikuwa wamepungua mno kutokana na kuporomoka kwa uchumi wa dunia, na hazina ya Mfalme Abdulaziz ibn Saud ilikuwa karibu tupu. Tajiri wa Kimarekani Charles Crane alijitolea kumgharimia Twitchell aichunguze ardhi ya Hijaz. Baada ya safari ya takriban maili 1,500, mhandisi huyo alirejea Jeddah na habari chungu: hakuona dalili za maji ya ardhini yanayoweza kububujika yenyewe. Ingekuwa rahisi kumpa Mfalme matumaini, lakini hakufanya hivyo.

Ukweli huo ulimjengea imani. Alipotakiwa kuangalia uwezekano wa mafuta upande wa mashariki, alishauri Mfalme asubiri kwanza matokeo ya kisima kilichokuwa kikichimbwa Bahrain. Mafuta yalipatikana huko mwaka 1932.

Hata hivyo, maisha yake yana upande mwingine. Mfalme alimtuma Marekani kutafuta makampuni ya kuwekeza. Aliporudi Jeddah Februari 1933, alikuwa ameajiriwa na mojawapo ya makampuni hayo, Standard Oil of California, na alifuatana na mjumbe wake, Lloyd Hamilton. Mkataba ulitiwa saini tarehe 29 Mei 1933 baina ya Hamilton na Waziri wa Fedha, Abdullah al-Sulaiman.

Uhusiano wake na Saudi Arabia haukukatika. Mwaka 1942 aliongoza ujumbe wa Marekani uliochunguza maji na kilimo nchini humo, yakiwemo mashamba ya Al-Kharj, kusini mwa Riyadh.

Kwa maoni yetu, Twitchell anastahili sifa kwa kusema alichokiona ardhini. Lakini mshika mawili moja humponyoka. Sisi ambao nchi zetu za Afrika Mashariki zinatafuta gesi na madini, tunapoletewa ripoti ya mtaalamu tuulize mambo mawili: ameona nini, na nani anamlipa?