Maxim: Jamaa aliyeshindwa kufikisha ujumbe kilomita 40, akaunganisha mafundi wa redio duniani

Ukiwa mtu wa kuchokorachokora vifaa vya umeme, unaijua ile hali. Umefunga waya zako, umepiga solda, umewasha mtambo, na wapi! Kimya. Hujui kama kosa liko kwa koili, kwa kapasita au kwa kichwa chako mwenyewe. Basi unaanza kuulizia mtu yeyote ambaye ashawahi kukwama pale pale.

Hiram Percy Maxim alikwama hivyo mara mbili maishani. Mara ya kwanza hakuwa na wa kuuliza. Mara ya pili alikuwa na umri wa miaka 44, ana pesa, ana kiwanda, na bado alishindwa. Kilichozaliwa na kushindwa huko kwa pili ndicho kisa chenyewe.

Jina Maxim huenda umelisikia kwenye somo la historia. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha mwaka 1884, ile ambayo huku kwetu ilikuja kuitwa bombomu. Kapteni Lugard alibeba moja alipotoka Mombasa kwenda Buganda mwaka 1890, na ilitumiwa katika vita vya Mengo mwaka 1892. Kwa hivyo kabla mtu yeyote Afrika Mashariki hajajua redio ni nini, jina la familia hii lilikuwa limeshafika, na halikuja na habari njema.

Kijana mwenyewe alizaliwa Septemba 2, 1869, Brooklyn, New York. Akiwa na miaka kama 12 hivi, babake alivuka bahari kwenda Ulaya kutafuta maisha na hakurudi nyumbani. Mzee alitajirika Uingereza, akapewa cheo cha heshima na taji la nchi hiyo, huku mke na watoto wakibaki Marekani. Percy alilelewa na mama. Ukubwani aliandika kitabu kizima kuhusu vituko vya babake, na ajabu ni kwamba hakikujaa uchungu. Mimi ningekuwa na maneno makali zaidi.

Shuleni alikuwa moto. Alifuzu uhandisi katika chuo cha MIT mwaka 1886 akiwa na miaka 16, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunahangaika na hesabu za sekondari. Akapata kazi katika kiwanda cha risasi za mizinga mjini Lynn, jimbo la Massachusetts. Hapo ndipo alipoingiwa na wazo la kutengeneza gari linalojiendesha bila farasi.

Hakuwa na kifaa chochote cha kupimia nguvu ya petroli, kwa hivyo alijitengenezea. Aliokota ganda tupu la risasi ya mzinga pale kiwandani, akadondoshea tone la petroli, akalibingirisha ili mvuke usambae, kisha akatupia kiberiti kilichowashwa. Mlipuko uliotokea ulimpa jibu alilohitaji: tone moja tu lina nguvu ya kutisha. (Usijaribu nyumbani, tafadhali. Yeye mwenyewe alibahatika kutoka na macho yote mawili.)

Alijenga injini yake taratibu, akaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Muda huo wote alidhani yuko peke yake. Hakujua kwamba mjini Springfield, jimbo lilo hilo la Massachusetts, ndugu wawili wa ukoo wa Duryea walikuwa wakijenga gari lao, na mwaka 1893 likatembea barabarani. Makosa yale yale, majibu yale yale, kila mmoja kwenye karakana yake, na hakuna aliyempigia mwenzake hodi.

Uweke mji wa Springfield akilini. Tutaurudia.

Mwaka 1895 Maxim alihamia Hartford, jimbo jirani la Connecticut, kufanya kazi katika kampuni ya Pope iliyokuwa ikitengeneza baiskeli na sasa ilitaka kuingia kwenye magari. Alioa Josephine Hamilton, binti ya aliyekuwa gavana wa Maryland. Mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa cha kuzima mlio wa bunduki. Ndiyo, baba alitengeneza bunduki yenye kelele zilizomharibia masikio, mwana akatengeneza cha kuinyamazisha. Biashara hiyo ndiyo iliyomtajirisha, na baadaye ikageukia kupunguza kelele za injini.

Redio aliingizwa na mwanawe. Kijana huyo, aliyeitwa Hiram Hamilton, alikuwa ameshikwa na homa iliyowashika vijana wengi wa Marekani miaka ya 1910: kurusha ujumbe hewani kwa cheche za umeme, kwa msimbo wa Morse. Mzee akaenda kuangalia, akanasa. Duka la kununua mtambo kamili halikuwepo. Ukitaka koili, unazungushia waya kwenye kopo la karatasi la oti za Quaker. Ukitaka kipokezi, unatafuta kijiwe cha galena na sindano, unakipapasa mpaka usikie kitu. Hao ndio watu wa redio za ridhaa, wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila malipo. Mpaka leo wapo, hata hapa Kenya, ambapo alama zao za wito huanza na 5Z4.

Sasa, Aprili 1914. Maxim alikuwa na mtambo wa wati 1,000, nguvu ya juu kabisa ambayo mtu binafsi aliruhusiwa. Alisikia kwamba kuna mtu Springfield (ndiyo, Springfield tena) aliyekuwa na valvu ya kuuza. Valvu wakati huo zilikuwa adimu kama nini. Kutoka Hartford hadi Springfield ni kama kilomita 40, sawa na kutoka Nairobi kwenda Thika. Akaita. Akaita tena. Usiku ule mtambo wake wote wa bei ghali haukufika.

Akakumbuka kwamba ana rafiki Windsor Locks, mji ulio katikati ya njia. Akamwita, yule akapokea ujumbe na kuusukuma mbele mpaka Springfield. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Hebu fikiria tajiri huyo amekaa mbele ya mtambo wake, ameokolewa na mtu mwenye mtambo wake wa kawaida kwa sababu tu anakaa mahali pafaapo. Hapo akili ikamcheza. Kama mtu mmoja wa katikati anaweza kumfikisha Springfield, watu 20 wanaweza kumfikisha wapi?

Tarehe 6 Aprili alipeleka wazo hilo kwa klabu ya redio ya Hartford: wapatikane watu wa mitambo katika kila mji, waandikishwe, wakubaliane kupitisha ujumbe wa wenzao. Chama kikaitwa American Radio Relay League. Mwenzake mkuu alikuwa Clarence Tuska, barobaro wa miaka 18 hivi, fundi wa kujitengenezea vifaa. Mzee wa miaka 44 na kijana wa rika la mwanawe, wakigawana kazi. Barua zikatumwa kila upande, na kabla mwaka kuisha zaidi ya vituo 200 vilikuwa kwenye orodha.

Usidhani mambo yalikuwa laini. Mapema 1915 klabu ya Hartford na chama kipya zilivutana kuhusu nani anamiliki nini, na wakaachana. Kila aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp lenye maadmini wawili anajua kisa hicho. Maxim na Tuska wakakisajili chama peke yake, na Desemba 1915 wakatoa jarida kwa pesa zao wenyewe. Waliliita QST, alama ya redio yenye maana ya wito kwa vituo vyote.

Jarida hilo ndilo lililobadilisha mchezo. Fundi aliyekwama kijijini Ohio sasa angeweza kusoma jinsi mwenzake alivyotatua shida ile ile. Na shida kubwa ilikuwa vipimo. Sheria ya 1912 iliwabana watu wa ridhaa wabaki kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Sawa, lakini mtu anajuaje wimbi lake lina mita ngapi? Waya hauandikwi namba.

Walijitengenezea kipimo. Unachukua koili, kapasita ya kuzungusha na taa ndogo ya tochi. Unakisogeza karibu na mtambo unaorusha, unazungusha kapasita polepole. Pale koili na kapasita zinapokubaliana na wimbi la mtambo, taa inawaka, bila betri. Unasoma mshale umesimama wapi. Lakini namba zilizo kando ya mshale nazo lazima zitoke mahali. Kipimo chako ni cha kweli ikiwa tu umekilinganisha na cha mtu mwingine, na cha yule mtu na cha mwingine. Hata serikali ya Marekani ilipoanza mwaka 1923 kurusha mawimbi ya kulinganishia kupitia kituo cha WWV, ilikuwa inajibu haja hiyo hiyo. Ukiwa peke yako na kipimo chako, unachokijua ni kwamba taa imewaka. Basi.

Februari 1917 mtandao huo ulipitisha ujumbe kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine na jibu likarudi, yote kwa saa 1 na dakika 20. Miezi miwili baadaye Marekani ikaingia vitani. Serikali ikaamuru vituo vyote vya watu binafsi vifungwe, antena zishushwe. Maelfu ya wanachama wakaenda jeshini, ambako walihitajika sana kwa ujuzi huo huo. Jarida likanyamaza.

Vita vilipoisha mwishoni mwa 1918 ndipo hatari ya kweli ilipojitokeza. Mswada ulipelekwa bungeni wa kuikabidhi redio kwa jeshi la wanamaji. Ungepita, vijana wale wangerudi nyumbani kukuta mchezo wao umekufa kisheria. Chama chenyewe kilikuwa hoi: pesa hakuna, wanachama wametawanyika, wengi bado wako Ufaransa na sare za jeshi.

Maxim alienda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati. Lakini alifanya pia kitu cha ujanja zaidi. Kwa kuwa wanachama hawakuwepo nyumbani, alituma kadi za rangi ya bluu kwa familia zao, akiwaomba mama na baba waandikie wabunge wao kwa niaba ya kijana aliye vitani. Barua zikamiminika. Mswada ukawekwa kando. Chama kikakopa kutoka kwa wanachama wake, kikalinunua jarida kutoka kwa Tuska, na Oktoba 1, 1919, marufuku ya kurusha ikaondolewa.

Kuanzia hapo mambo yalikimbia. Desemba 1921 chama kilimtuma Paul Godley huko Ardrossan, Scotland, na akiwa ndani ya hema kwenye baridi akazisikia stesheni za ridhaa za Marekani ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Fred Schnell wa Connecticut akaongea kwa Morse na Leon Deloy aliyekuwa Nice, Ufaransa, kwenye mawimbi ya mita kama 110. Zile mita chache walizotupiwa kama makombo ndizo zilizoivuka bahari. Mwaka 1925 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris, wakaunda muungano wa kimataifa, na Maxim akawa rais. Chama cha redio za ridhaa cha Kenya ni mwanachama wa muungano huo.

Kuna upande wake mmoja ambao watu wengi hawakuujua akiwa hai. Jaridani kulikuwa na mwandishi wa siri aliyejiita The Old Man, mzee mnoko aliyelalamika kwa ucheshi kuhusu waendeshaji wabovu, wale wa kuropoka hewani na kuwaingilia wenzao. Mwaka 1919 mzee huyo alituma ofisini kigongo chenye umbo la ajabu kiitwacho Wouff Hong, eti cha kuwatandika wakosaji. Wasomaji walibishana miaka nenda miaka rudi huyu ni nani. Alikuwa rais wao mwenyewe. Nadhani alijua kwamba kundi la watu wasioonana haliongozwi kwa barua za onyo peke yake.

Februari 1936 alikuwa kwenye treni akielekea California kuona darubini ya Lick, maana siku hizo nyota zilikuwa zimemteka. Aliugua njiani, akateremshwa La Junta, Colorado, na akafariki huko tarehe 17, akiwa na miaka 66. Hapo ndipo wasomaji wa jarida walipoambiwa The Old Man alikuwa nani.

Alama yake ya wito ilikuwa W1AW. Baada ya kifo chake ilipewa kituo cha chama, kilichojengwa Newington, jirani na Hartford, na kufunguliwa mwaka 1938. Hadi leo kituo hicho hurusha mazoezi ya Morse kwa wanaojifunza, kuanzia mwendo wa polepole kabisa.