Andrew Foster, kiziwi aliyewafungulia viziwi wa Afrika mlango wa masomo



Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo ilianguka upande wa Rwanda, karibu na Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Goma. Ilikuwa safarini kwenda Kenya. Kati ya waliokufa alikuwamo mmisionari Mmarekani Mweusi wa miaka 62, mtu aliyekuwa hasikii hata kidogo. Jina lake Andrew Foster. Wamisionari waliotuletea Biblia tunawakumbuka kwa majina, na wengine nyimbo zao tunaziimba hadi leo. Huyu aliyekufa mlangoni petu ni wachache wanaomtaja, labda kwa sababu watu aliowatumikia hawamo katika kwaya zetu.

Alizaliwa Juni 1925 huko Ensley, karibu na Birmingham, katika jimbo la Alabama. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Mwaka 1936, Andrew akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo iliwashika yeye na ndugu yake, na wote wawili wakabaki viziwi. Wakati ule Alabama iliwatenga watoto Weusi na Weupe hata katika ulemavu wao. Andrew alipelekwa Talladega, kwenye shule ya viziwi na vipofu Weusi, ambako masomo hayakufika mbali. Mtoto Mweusi kiziwi alifundishwa kazi ya mikono, kisha akarudishwa nyumbani.

Akiwa na miaka 17 alihamia Detroit kwa shangazi yake, akafanya kazi viwandani. Huko ndiko alikompokea Kristo. Huko pia alimsikiliza, kwa macho, mmisionari aliyetoka Jamaika akieleza hali ya viziwi wa huko, na moyo wake haukutulia tena. Lakini alijua kwamba mtu asiye na elimu hatafungua shule ya watu. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma kwa njia ya posta, mpaka mwaka 1951 akapata diploma ya sekondari kutoka shule moja ya Chicago.

Kisha aliomba nafasi katika Chuo cha Gallaudet, Washington. Chuo hicho, kilichoanza mwaka 1864, ndicho cha viziwi: walimu hufundisha kwa alama za mikono, na lugha yenyewe ya alama husomwa kama elimu. Foster alikuwa amekataliwa hapo zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1951 alikubaliwa, akamaliza mwaka 1954. Kwa muda mrefu ametajwa kuwa Mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Baadaye alisoma ualimu Michigan, halafu mambo ya misioni huko Seattle. Nakaa kidogo juu ya masomo haya kwa sababu watu hupenda kuruka moja kwa moja hadi miujiza ya misioni, nao wanasahau miaka 10 na zaidi ambayo mtu huyu alibisha hodi kwenye milango ya shule.

Mwaka 1956 alianzisha misioni yake Detroit, na mwaka uliofuata akafika Ghana iliyokuwa imepata uhuru karibuni. Aliambiwa na wengi kwamba Afrika haina viziwi, au ni wachache mno. Walikuwepo, ila walikuwa wamefichwa nyumbani. Aliazima vyumba vya shule huko Osu, Accra, akafundisha baada ya wanafunzi wenye kusikia kurudi kwao, watoto kwa watu wazima pamoja. Kutoka hapo alikwenda Ibadan, Nigeria, mwaka 1960, na baadaye katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, hata Zairi, kama ilivyoitwa nchi yetu. Kabla hajafa alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30.

Mwaka 1959 alikutana na Berta Zuther, kiziwi Mjerumani, kwenye mkutano wa viziwi wa dunia huko Wiesbaden. Walioana Ibadan mwaka 1961, wakazaa watoto 5. Mzee Foster alikuwa Afrika karibu nusu ya kila mwaka, na mama Berta ndiye aliyebaki Michigan na watoto. Habari za misioni huwa hazisemi mengi juu ya wake kama hawa.

Jambo lililofanya kazi yake idumu ni walimu. Miaka ya 1970 alianza kuwakusanya Ibadan viziwi kutoka nchi zinazotumia Kifaransa, akawafundisha kufundisha, kisha akawarudisha kwao. Wengine aliwatafutia nafasi ya kusoma Gallaudet. Hakutaka kiziwi awe wa kuhurumiwa tu. Alitaka awe mwalimu, mchungaji, mkuu wa shule. Hili lilikuwa gumu kwa wengi kukubali, kwa maana tangu mkutano wa Milano wa mwaka 1880 walimu wengi wa viziwi duniani walikataza alama, wakiwalazimisha watoto kusoma midomo. Foster alitumia alama, herufi za vidole na maandishi pamoja.

Ana deni pia, na ni haki kulitaja. Alama alizokuja nazo zilikuwa za Marekani. Afrika ilikuwa na lugha zake za alama, kama ile ya kijiji cha Adamorobe huko Ghana, na shule zake hazikujenga juu ya lugha hizo. Hata hivyo viziwi waliofundishwa hawakubaki na alama za Kimarekani kama zilivyo. Walizichanganya na Kifaransa na maisha yao, na leo wataalamu wanahesabu alama zinazotumika katika nchi nyingi za Kifaransa kuwa lugha inayojitegemea.

Nani atazichunguza lugha hizo, aziandikie kamusi, awafundishe walimu na watafsiri wa hospitali, wa baraza la hukumu na wa ibada? Hiyo ni kazi ya chuo kikuu. Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake ya mwaka 1995, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinaifundisha. Sisi tunayo Kisangani. Ndugu wengi, hasa vijana, hawajui kwamba chuo kikuu kile kilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, na kwamba maasi ya mwaka 1964 yalikifukuza hadi Kinshasa kabla hakijarudi. Serikali ilipounganisha vyuo mwaka 1971, masomo ya saikolojia na ualimu ya nchi nzima yaliwekwa Kisangani. Kitivo hicho kipo mpaka leo.

Tunapohubiri kutoka barua kwa Warumi kwamba imani inatokana na kusikia, wazazi wa mtoto kiziwi wanakaa kimya kwenye benchi lao. Kijana mmoja wa parokia akitumwa Kisangani kusoma ualimu, akipewa karo na nauli kwa sharti la kujifunza alama kwa viziwi wenyewe, gharama yake haipiti sana ile ya vyombo vya muziki tunavyonunua kila mara.

Gallaudet, chuo kilichomkataa Foster zamani, kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1970. Mwaka 2004 kiliupa mmoja wa kumbi zake jina lake. Wanafunzi viziwi hukusanyika humo, na baadhi yao wanatoka Afrika.