Nicholas Kove: mkimbizi aliyeleta ndege za vita mezani pa watoto

Sisi wa huku mashariki, kifaru cha vita tunakijua kwa macho na kwa mlio wake. Lakini kuna watu, kule Ulaya na fasi zingine za dunia, wenye kukaa jioni mezani wakiunga vifaru na ndege za vita za plastiki, ndogo za kuenea mkononi. Moja kati ya majina makubwa ya kazi hiyo ni Airfix ya Uingereza. Na mtu aliyeanzisha Airfix, Nicholas Kove, alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa Hungaria, mwisho wa karne ya 19, katika familia ya Wayahudi.  Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, akaingia katika jeshi la Austria na Hungaria, upande wa askari wa farasi. Warusi wakamkamata, wakamtuma Siberia, fasi ya baridi kali, mbali sana na kwao. Akatoroka, akarudi.

Kurudi nyumbani hakukumpa kupumzika. Kiisha vita, Hungaria nayo ikavurugika, akaondoka. Alifika Hispania, akafanya biashara ya plastiki. Mwaka wa 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikapiga kule. Akaenda Italia, mwaka wa 1938 serikali ya Mussolini ikatoa sheria za kubagua Wayahudi. Akabeba familia yake tena, mpaka London. Wenye kuhamahama wanajua uzito wa maneno haya: kila fasi unaacha mashini, wateja na majirani, na unaanza upya katika luga ya wengine.

Mwaka wa 1939, akiwa mgeni katika mji ambao ulikuwa karibu kuingia vitani, akafungua kampuni yake. Alikuwa akitengeneza vitu vya watoto vya mpira, vya kujazwa hewa. Inasimuliwa kwamba alichagua jina lenye kuanza na A juu ya kutokea mbele katika vitabu vya orodha ya wafanyabiashara. Njo akili ya mtu aliyezoea kuanza na mikono mitupu.

Vita ikaleta upungufu wa mpira. Kove akageukia plastiki. Mwaka wa 1947 akaleta mashini yenye kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa, kitu kinatoka kizima. Kwa mashini hiyo alitoa vichanuo vya nywele, vingi sana, na biashara ikasimama.

Karibu mwaka wa 1949, kampuni ya matrakta ya Ferguson ikamuomba atengeneze trakta ndogo ya plastiki, ya wauzaji wake kuonyesha wateja. Kuunga vipande vyake kiwandani kulikula wakati na pesa. Kiisha ikauzwa katika vipande, mnunuzi aunge mwenyewe nyumbani. Nyuma yake ikafuata merikebu ya zamani, Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworth, ndani ya mfuko mwepesi, kwa shilingi 2. Watu wakaipenda.

Basi wafanyakazi wake wakataka kutoa ndege ya vita, Spitfire, ile Waingereza walitumia kulinda anga lao mwaka wa 1940. Kove akakataa. Hakuamini kama itauzwa, na kalibu ya chuma ni ya bei kali. Inasimuliwa kwamba aliwatisha kuwalipisha gharama yake. Wao wakashikilia. Ndege ikatoka, ikauzwa, na kumbe njo iliyofungua njia kwa zingine zote.

Ndege hiyo ilikuwa ya kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake, Spitfire ya kweli yenye urefu wa karibu mita 9 inakuwa sentimita 12 na kitu. Mtoto anakata vipande na kisu kidogo, anasugua kando zake, anaunga na kolo. Kolo hiyo inayeyusha plastiki kidogo, kiisha sehemu mbili zinashikana sawa kitu kimoja. Mwisho anapaka rangi, na alama za jeshi anazilowesha majini mbele ya kuzibandika. Ukiharakisha, inaonekana.

Kove alikufa mwaka wa 1958. Hakuona vifaru vidogo, Sherman ya Marekani na Panther ya Wajerumani, ambavyo kampuni yake ilitoa katika miaka ya 1960. Hakuona pia ikianguka mwaka wa 1981. Jina lilibaki: toka mwaka wa 2006 liko mikononi mwa kampuni ya Hornby, na ndege zingali zinauzwa.

Mtu huyu alijua vita ya kweli, juu ya farasi na katika kifungo. Labda njo maana alitumainia vichanuo kuliko ndege. Sisi hatuwezi kusema. Lakini jina lake linakumbukwa leo kwa sababu ya kitu alichokataa mwenyewe, na kwa sababu siku ile, ndani ya kiwanda cha mkimbizi, wafanyakazi walithubutu kumbishia mkubwa wao, naye akawaachia.